Shangazi Anarekodiwa, Nyamazeni

Kuna watu waliozaliwa na mkono mwepesi, na kuna waliozaliwa na mguu wa bahati. Mama King'ora alizaliwa na koo. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani siku alipopiga kigelegele kwenye harusi ya jirani, na dereva wa teksi aliyekuwa anapita nje akasogeza gari pembeni akidhani gari la wagonjwa linapita. Hakuudhika. Alisema jina la utani ni kama doa la embe, ukilisugua ndiyo linaenea.

Madoa aliyajua. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, kazi aliyoianza akiwa msichana, akaolewa akiwa anaifanya, akazaa, akafiwa na mume, na bado mashati ya watu yakaendelea kumsubiri mezani. Alisimama siku nzima mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi, nguo zilizokunjamana kushoto, hanga kulia, na nyimbo za Shangazi mdomoni. Wateja walijua kwamba kola iliyonyooka kama rula ilipigwa pasi kwenye kiitikio, na yenye kimkunjo ilipigwa wakati wa gitaa, maana hapo alikuwa anacheza.

Shangazi alikuwa mwimbaji. Jina lake la kwenye vyeti walilijua yeye na serikali tu. Watu wote walimwita Shangazi, hata vikongwe waliomzidi umri, kwa sababu aliimba kama shangazi anavyoongea: anakusuta huku anakuchekesha, na ukimaliza kucheka unagundua aliyesutwa ni wewe. Alikuwa amepita sabini. Goti moja lilishagoma, kwa hiyo siku hizi aliimba ameketi kwenye kiti cha mbao. Lakini akipandisha bega lake la kushoto, bega tu, wanaume wenye wajukuu walisahau walikoegesha magari. Vijana waliokuja kumcheka bibi kizee walirudi makwao wakijaribu bega lile mbele ya kioo.

Mama King'ora hakukosa onyesho hata moja lililofika mjini kwao. Alikaa safu ya mbele, mwisho wa upande wa kulia, pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Shangazi alipomaliza ubeti mkali aligeuza shingo kidogo kuelekea kona ile, kama mtu anayesubiri chenji yake, na Mama King'ora akamrudishia kigelegele. Hawakuwahi kusalimiana. Mmoja alitoa ubeti, mwingine akatoa koo, na biashara ikaisha hapo.

Basi habari zikaja kwamba Shangazi anataka kutoa albamu ya jukwaani. Nyingine zote alizirekodi studio, ndani ya chumba kilichozibwa magodoro ukutani, na alisema kuimba mle ni kama kumsuta mtu kwa barua. Sasa alitaka kurekodiwa mbele ya watu, angali ana pumzi. Na fundi atakayesimamia mitambo siku hiyo alikuwa kitindamimba wa Mama King'ora.

Binti huyo alikuwa amekunja waya za watu kwa muda mrefu. Bosi wake, mwenye studio, alimwambia wazi: "Safari hii nakuachia peke yako. Ikitoka vizuri, mitambo ni yako. Ikiharibika, tutazungumza habari za waya." Tangu hapo mama mtu hakupata usingizi wa kueleweka. Alilipiga pasi shati la kazi la binti, akalitundika, akalitazama, akalishusha akalipiga tena.

Siku chache kabla ya onyesho, binti alipita dukani.

"Mama, nina ombi."

"Umekula?"

"Nimekula. Mama, Jumapili usipige kigelegele."

Mama King'ora akaisimamisha pasi. "Hebu rudia."

"Vinasa sauti vyangu vinashika hata mtu akimeza mate. Wewe ukiachia king'ora chako pale mbele, sauti ya Shangazi itazama. Kazi yangu ya kwanza, mama. Nakuomba."

"Basi nitapiga kidogo."

"Wewe hujui kidogo."

Hilo lilikuwa kweli, na mwenyewe alilijua. Akaahidi. Binti alipoondoka aliliona koo lake limekauka, kama limesikia kesi yake ikisomwa.

Kama binti angeishia kwa mama yake, pengine mambo yangekwenda. Lakini hofu ya kazi mpya ilimtuma kwa mshereheshaji wa siku hiyo pia. Akamwomba awatahadharishe watu kidogo kuhusu kelele. Mshereheshaji yule alikuwa mtu ambaye ukimwagiza kijiko analeta ndoo.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa mpaka ngazi zikawa viti. Mshereheshaji akapanda jukwaani na suti yake ya kung'aa.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, "leo Shangazi anarekodiwa. Kitakachosikika humu ndani kitabaki duniani. Ukikohoa, vitukuu vyako vitakusikia ukikohoa. Mwenye simu azime. Mwenye mafua atoke sasa hivi. Na kuhusu shangwe," akamtazama Mama King'ora waziwazi, "kila mtu anajijua."

Watu wale walimpenda Shangazi kupita kiasi, na hilo ndilo lililoleta balaa. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyemharibia albamu. Wakatii wote.

Shangazi aliingia akiegemea mkongojo, gauni la rangi ya machungwa likimfuata kama mkia wa bibi harusi. Siku zote ukumbi hupasuka hapo. Siku hiyo walipiga makofi laini, ya vidole viwili, kama wanafunzi wanaopokea mgeni kutoka wizarani. Shangazi akaketi. Akatazama huku na huku. Bendi ikaanza.

Wimbo wake wa kwanza ulikuwa ule wa mke aliyechoka: "Nimekupikia, hukula, nimekutandika kitanda, hukulala, sasa unaning'ang'ania nini? Nipishe mlangoni." Hapo watu wote huitikia, "Nipishe!" Safari hii waliitikia kwa midomo bila sauti. Mama King'ora aligeuka nyuma akaona ukumbi mzima umeachama na kufumba, umeachama na kufumba, kama samaki wa kwenye kioo.

Shangazi akapandisha bega. Kimya. Mzee mmoja aliyebanwa na chafya alijifunika kofia uso mzima, akapigia chafya mle ndani, na akabaki humo mpaka ubeti uliofuata.

Shangazi akageuza shingo kwenye kona ya kulia. Mama King'ora alikuwa ametia leso mdomoni. Machozi yalimlenga.

"Wifi," akanong'ona wifi yake, "utakufa. Pumua."

"Nimemwahidi mtoto."

"Marehemu kaka yangu ulimwahidi mangapi?"

"Nyamaza, tunarekodiwa."

Nyimbo zikapita moja baada ya nyingine, safi, zimenyooka, hazina mtu ndani yake. Shangazi alizidi kuzama kwenye kiti. Wakati wa mapumziko Mama King'ora alichomoka kama aliyechomwa na sindano, akamkuta binti yake kwenye korido nyuma ya mitambo, hedifoni shingoni, shati limelowa mgongoni.

"Sauti imeingia?" aliuliza mama.

"Imeingia vizuri mno. Mama, inasikika kama msiba."

"Usiseme hivyo."

"Tena afadhali msiba, watu hulia. Hawa wamekaa kama wanasubiri majibu ya hospitali. Shangazi ameniuliza kama watu wamemchoka." Binti alifuta uso kwa mkono wa shati. "Nimemwambia hapana, ni mimi. Nimewafunga midomo mimi."

Mama King'ora alitaka kumkumbatia, lakini akaona kwanza amtengeneze kola. Alipomaliza kola alisema, "Sasa si tupige kelele tu, yaishe?"

"Pigeni. Piga, mama. Nakufungulia."

Binti akamrudia mshereheshaji. Mshereheshaji akarudi na ndoo nyingine.

"Ndugu zangu," alitangaza baada ya mapumziko, "kuna mabadiliko. Sasa mnaruhusiwa. Mnatakiwa kufurahi, tena kwa nguvu. Haya, moja, mbili, tatu."

Watu wakafurahi kama walivyoagizwa. Wakapiga kelele zote kwa pamoja, zikakatika zote kwa pamoja, kama bomba lililofungwa. Binti kule kwenye mitambo alifumba macho. Mshereheshaji akaomba warudie, wakarudia, ikawa mbaya zaidi. Kisha akaelekeza mkono kona ya kulia kama mtu anayemkaribisha mgeni rasmi.

Mama King'ora akasimama. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mlango unaohitaji mafuta.

Akajaribu tena. Hewa tupu.

"Ee, wifi," alisema wifi yake kwa huruma ya uongo, "kumbe kuna siku betri inaisha."

Mama King'ora akakaa. Tangu ajijue hakuwahi kuambiwa apige kigelegele, kilikuwa kinatoka chenyewe, sasa kimeitwa mbele za watu kimeona haya. Na pale nyuma mtoto wake alikuwa anasubiri, na nusu ya albamu ilikuwa imeshaoza. Alitazama viatu vyake. Alianza kuwaza jinsi ya kuzungumza na yule bosi, na nguo gani avae akienda.

Bendi ikaanza kipande cha pili. Shangazi akaimba kwa adabu, kama anayemaliza zamu. Akafika katikati ya wimbo wa mume anayerudi alfajiri akisema alikuwa kwenye mkutano. Akaimba, "Mkutano gani huo, wajumbe wanapaka wanja..." na akanyamaza.

Bendi ikazunguka, ikarudi palepale. Shangazi akafungua mdomo, akaufumba. Bendi ikazunguka tena. Mpiga besi akamtazama mpiga ngoma. Ukumbi ukaacha kupumua kweli sasa, bila kuambiwa na mtu. Wimbo huo ameuimba tangu wengi wao hawajazaliwa, na maneno yalikuwa yametoka na kumwacha kitini.

Shangazi akakishusha kipaza sauti mapajani. Mabega yake yakaanza kutikisika, watu wakashika vifua. Kumbe anacheka.

"Jamani," alisema, "nimesahau. Mimi mtunzi nimesahau. Nimewatunzia wake zenu maneno ya kuwasutia mpaka yangu yameniishia." Akainua kichwa. "Humu ndani kuna mwanamume aliyeimbiwa huu wimbo nyumbani kwake. Najua mpo. Asimame anikumbushe."

Wanaume wakatazamana. Halafu yule mzee wa kofia akanyanyuka taratibu, akakohoa, na kwa sauti nyembamba ya mtu aliyekula kiapo akaimba: "...na muhtasari umeandikwa shingoni, kwa rangi ya mdomo."

Mke wake aliyekuwa pembeni alisema, "Maneno yote anayo, shule hiyo hakukosa hata siku moja," na ukumbi mzima ukamsikia.

Mama King'ora hajui ni lini alisimama. Alijikuta yuko juu ya kiti, kiatu kimoja hakipo, na kigelegele kimeshatoka, kile cha tumboni, kimepanda mpaka kwenye taa za dari na bado kinatafuta pa kwenda. Wifi yake aliziba masikio, akajutia kuziba, akafungulia cha kwake. Hapo ukumbi ukapasuka. Watu waliokuwa wamejifunga tangu mchana walifunguka wote, kila mmoja kwa wakati wake na kwa namna yake. Shangazi alisimama. Goti lile lililogoma lilisimama naye. Alipandisha bega la kushoto, akaongeza na la kulia, ambalo hakuna aliyewahi kuliona likipanda, na watu wakawa wanaangukiana.

"Fundi," alipaza sauti kuelekea kwenye mitambo, "zile za mwanzo tupa. Ulirekodi watu wengine wale. Tunaanza upya."

Akaziimba zote tena. "Nipishe!" ilipofika, kuta ziliitikia pia. Mshereheshaji alivua koti la suti akalizungusha hewani mpaka likamponyoka, likatua kwenye ngoma.

Bosi, aliyekuwa safarini siku ya onyesho, aliporudi alikaa na binti kusikiliza. Akasema kipande cha kusahau kikatwe, si heshima kwa mwimbaji mkubwa. Shangazi mwenyewe akakataa kwa simu. Alisema nyimbo zake watu wanazo tayari, wanachokosa ni hicho. Kikabaki, na mitambo ikabaki kwa binti.

Albamu ilipokamilika binti alimwita mama yake studio, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akamvalisha hedifoni. Mama King'ora aliogopa kidogo kugusa chochote. Alimsikia Shangazi akisahau. Akamsikia mzee, na mke wa mzee. Kisha akajisikia mwenyewe, akashtuka, akajishika kifua.

"Mungu wangu. Na watu mnanivumilia."

"Subiri," alisema binti.

Nyuma ya kile kigelegele kikubwa, karibu sana, kama mtu aliyesimama palepale kwenye mitambo, kikafuata kingine. Kilikuwa chembamba, kimepasuka katikati, kikakatika, kikaanza tena kwa ukaidi.

Mama King'ora akaivua hedifoni sikio moja. "Hicho cha kifaranga ni cha nani?"

Binti alikuwa anakunja waya ambayo haikuhitaji kukunjwa. "Hata sijui kilitokea wapi."

"Ulikuwa kazini wewe."

"Nilikuwa kazini."

Mama akamtazama, akatazama vitufe vyote vile vyenye taa, akairudisha hedifoni sikioni. "Hebu kirudishe nyuma nikisikie tena," alisema, "na uongeze sauti."