Hester Gathercole na Kaburi la Jitu Hurlock

Mimi nimeolewa Pethering, sikuzaliwa hapo, na kwa watu wa Pethering tofauti hiyo haifutiki. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Nyumba yetu ilitazamana na kanisa, kwa hiyo kaburi la jitu nililiona kila nilipofungua pazia: mawe mawili kwenye nyasi za uwanja wa kanisa, moja la kichwani, moja la miguuni, na kati yake nafasi ya kumlaza farasi na mtoto wake. Humo, walisema, amelala Hurlock, aliyekunywa kisima kizima kwa mkupuo mmoja na kuwarushia mawe watu wa ng'ambo ya mto mpaka wakahama. Ndiyo sifa yao kubwa, kwamba jitu lao liliwatesa majirani. Sijui mtu mzima anajivuniaje jambo kama hilo, lakini waambie hivyo uone watakavyokuvimbia.

Hester Gathercole alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikamua ng'ombe katika shamba la kina Tolley na kubeba peke yake madumu ya maziwa ambayo wanaume huyabeba wawili wawili. Alimpita kwa urefu kila mwanamume pale kijijini, na huo ndio ulikuwa msiba wake. Kila Jumatatu ya Pentekoste, ngoma ikishazunguka na bia ikishashuka, ilikuwa desturi kumchukua mtu mrefu kuliko wote na kumlaza kati ya yale mawe, utosi ukigusa jiwe la juu. Kisha kijiji kizima kinamzunguka na kupiga kelele: "Mfupi! Mfupi! Mrudisheni akanyonye!" Pengo lililobaki chini ya nyayo zake wanalimwagia bia, kumpa jitu haki yake.

Kwa mwanamume ulikuwa mzaha. Aliinuka, akapigwa mgongoni, akanyweshwa bure. Hester walianza kumlaza akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, na tangu hapo hawakumwachia. Yeye walimwekea kabichi miguuni. Walimfunua sketi kwa fimbo, eti waone mguu unaishia wapi. Walijilaza ubavuni mwake mmoja mmoja, wakiuliza kama kuna mume wa saizi yake. Mwashi mmoja mpole aliyetaka kumposa aliyaona hayo mara moja tu, akahamia kwingine. Kila mwaka Hester alirudi nyumbani na nyasi kwenye nywele, akafunga mlango, nami nikamsikia analia kupitia ukutani. Nilikichukia kijiji kile, na nakichukia hadi leo.

"Kwa nini usikatae?" nilimuuliza.

"Nikikataa watanifuata ndani. Bora nilale, yaishe."

Hester alikuwa akimlea Olive, binti wa kaka yake aliyefia vitani. Mwaka ninaousimulia, majira ya kuchipua, Olive alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amempita shangazi yake kwa upana wa kidole. Reuben Dack, mwenye bucha na mkubwa wa sherehe, aliliona hilo kanisani wakati wa kuimba. Jumamosi iliyofuata nilikuwa buchani nanunua soseji, Hester yuko mbele yangu kwenye foleni.

"Mwaka huu utapumzika, Hester," Dack alisema, huku anakata ubavu. "Umeshachakaa. Mrefu sasa ni huyo mpwa wako."

"Huyo humgusi."

"Siyo mimi, ni mila. Mrefu kuliko wote ndiye anayelala. Au unataka Hurlock akasirike?"

"Hurlock amekufa. Aliyekasirika ni mimi."

Watu wakaangua kicheko. Dack akafuta kisu kwenye aproni. "Kasirika tu, mama. Wewe ulilala na hukufa. Na yeye hafi."

Hester akaenda kwa kasisi. Kasisi akammiminia chai, akamwambia watu wale wana furaha chache, wasinyimwe na hiyo. Alirudi amekunja uso, akafunga mlango.

Siku ilipofika, ngoma ikaja mpaka mlangoni kwake. Olive alikuwa nyuma yake.

"Tunakuja wenyewe," Hester akawaambia. Nikadhani ameshindwa, amemtoa mtoto, na kidogo nimpige kofi.

Pale kaburini alinisukumia Olive. "Mshike, asisogee." Yeye akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la miguuni, akalikumbatia, akalitikisa huku na huku. Ardhi ilikuwa imelowa mvua. Jiwe likang'oka na udongo wake.

"Wewe mwanamke, una wazimu!" Dack akamwendea mbio. Hester akamgeukia na jiwe kifuani, na yule bwana mkubwa akarudi nyuma mwenyewe.

Akalibeba kuelekea jiwe la kichwani. Mahali nyayo zake zilipofika alipajua kuliko mtu yeyote, maana miaka yote hiyo wao walikuwa wakicheka, yeye ndiye aliyelala. Hapo akalibwaga. Akajilaza. Utosi ukagusa jiwe la juu, visigino vikagusa la chini, na katikati hapakubaki nafasi hata ya kikombe cha bia.

"Haya," alisema, macho mawinguni. "Hurlock wenu huyu hapa, saizi yangu. Na Olive amemzidi kidole. Chekeni basi!"

Hakuna aliyecheka. Mpiga ngoma alishusha fimbo zake. Kikongwe mmoja akaanza kulia kama aliyefiwa.

"Umetuulia jitu letu," Dack alisema.

"Lilikuwa linatafuna watoto, Dack. Mimi lilinitafuna mkiangalia. Huyu halimpati."

Mtu mmoja akatema mate karibu na kichwa chake. Hester hakuinuka. Alibaki amelala pale mpaka wa mwisho wao alipotoka getini, ndipo akanyoosha mkono Olive amwinue.

Hakuna aliyemgusa Olive siku ile wala mwaka mwingine wowote. Hester walimnunia mpaka anaingia kaburini mwake. Hata kina Tolley walimwachisha kazi, na kila nilipomwonea huruma aliniambia nisijisumbue, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kupata usingizi mtamu kama aliokuwa akiupata sasa.