Mkunga Asiye na Mikono

Jua halijafika kwenye bati la karakana, na mwanamke ambaye majirani humwita Fundi Simba anabomoa kazi yake mwenyewe. Kila nyundo inapotua juu ya patasi, mifuko ya gauni la sanamu ya saruji inamomonyoka na kuacha nondo wazi.

"Usiandike kwamba nabomoa," ananiambia akiitazama kalamu yangu. Kisha anashusha pumzi. "Haya, andika. Kuficha ndiko kulikonifikisha hapa."

Jina hilo alilipata usichanani, alipokuwa akimsaidia mjomba wake kuunda simba wa saruji wa kuweka kwenye nguzo za mageti. Mjomba alimfundisha kusuka nondo na waya, na kuinywesha saruji maji isije ikapasuka. Siku alipojaribu sanamu ya mtu, mjomba alivitazama vile vidole, akawaita majirani.

"Njooni mnunue ndizi!"

Watu walicheka, naye akacheka nao. Lakini hakuunda tena kidole. Hata alipofungua karakana yake, kila mtu aliyemtengeneza alikuwa na mikono nyuma, au ndani ya shuka, au mifukoni.

"Wateja walisema ndio mtindo wangu," anasema huku akikwangua saruji kuchani. "Nikanyamaza. Sifa ni tamu, ndugu yangu."

Ndipo zahanati ya mtaa ikamwagiza sanamu ya mkunga wake mstaafu. Ilipokaribia kufunuliwa, mkunga alikuja kuitazama, bintiye akimshika kiwiko. Aliizunguka taratibu. Akasifu pua, akasifu kilemba.

"Ila mwanangu, mikono yangu umeipeleka wapi?"

"Imo mifukoni, mama."

"Mifukoni! Kwa hiyo hao watoto nilikuwa nawadaka kwa meno?"

Binti aliangua kicheko. Fundi Simba hakujua aweke wapi uso wake.

"Angenigombeza ningepata nafuu," anasema. "Nusu ya mtaa huu imepitia mikononi mwake, mimi nikamfunga mikono kwa woga wangu."

Alikwenda zahanati kuomba siku isogezwe. Angeweza kusingizia saruji mbovu. Aliwaambia ukweli, macho yakiwa chini.

Sasa mkunga huja kila asubuhi kukaa kama kielelezo, naye Fundi Simba hujaribu kwanza mkono mmoja mmoja pembeni. Leo ameshafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkono wa jana ulikuwaje?"

"Nimeuvunja. Ulikuwa kama reki."

"Basi shika huu wa nyama vizuri. Mbona unaogopa kama wewe ndiye unayejifungua?"

Fundi Simba anaupokea mkono. Anapapasa viungo vilivyovimba na kidole gumba kilichopinda, bila kuinua uso.

Ana tumaini moja, na analisema kwa sauti ya chini mkunga asisikie: sanamu itakaposimama mlangoni pa zahanati, mama mjamzito mwenye hofu apite hapo, na bila kuambiwa na mtu, aushike mkono.