Tumbo la Mkandaji

Mtu wa Rudewa akiumwa tumbo humwendea Bi Semeni. Humlaza chali, akampaka mafuta ya nyonyo, akamkanda mpaka alale usingizi. Jumamosi ile tumbo lililouma lilikuwa la Bi Semeni mwenyewe, na nyumbani alikuwepo mkwewe tu, Yusrah, na kichanga mgongoni.

"Nikande. Ni chango hilo."

Yusrah alipogusa chini ya chembe ya moyo, mama mkwe alimdaka mkono. "Taratibu. Unakanda tumbo au chapati?"

Tangu jana, aliporudi harusini alikokula pilau la nyama nono, Bi Semeni alikuwa ametapika mara sita, na kutapika hakukumpa nafuu. Yusrah alitoka uani, akarudi, akatoka tena. Jambo moja lilimkosesha raha: mama mkwe akilala chali anagugumia, akiinama na kukumbatia kinu anapumua.

"Mama, na mgongo unauma?"

"Kama mchi umeingia mbele ukatokea nyuma."

Chango gani hilo? Yusrah akampigia mumewe, Mwinshehe, aliyekuwa kazini Mikumi.

"Msikilize mama," alisema Mwinshehe. "Matumbo anayajua yeye."

"Ya wenzake. Leo mgonjwa ni yeye."

Akamwita Yared wa bodaboda. Wakapanda mshikaki kwenda Kilosa, Bi Semeni katikati, amemlalia Yared mgongoni. Walipofika nusu ya njia, Bi Semeni aliacha kugugumia.

"Limeshapoa," alisema. "Geuza, baba. Nikionekana hospitali, nani atanipa tena tumbo lake?"

Yared akapunguza mwendo. Yusrah akajiuliza: akigeuza, mama je?

"Mama, hebu kaa wima kidogo."

Bi Semeni akajinyoosha. Jasho likamtoka, akajikunja tena.

"Mwambie aendeshe," alinong'ona.

Hospitalini Yusrah alieleza yote: matapishi, mgongo, kinu. Daktari alimtazama, akaagiza damu ipimwe haraka. Majibu yalipotoka alisema ni kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula, imevimba ghafla. Huenda kijiwe cha nyongo kimeziba njia. Bi Semeni akatundikiwa dripu. "Hili halikandwi," daktari alisema. "Mngechelewa, lingeweza kumuua."

Siku ya nne, jirani mmoja wa Rudewa alikuja kumjulia hali, akalalamika kuwa naye tumbo linamsumbua. Akamwomba akitoka wodini amkande.

Bi Semeni akamtazama Yusrah, kisha yule jirani.

"Kwanza niambie," alisema. "Ukilala chali, inakuwaje?"