Mama Gertrude na ponti ya gari nyekundu

"Mama Gertrude, bwana yako ameenda Komanda kutafuta ponti ya nini, na hapa Saio mto iko wapi?"

Ndivyo jirani Adeline alivyomuuliza siku moja juu ya lupango, ua wa kati ya nyumba zao. Gertrude alicheka mpaka akaweka chini mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Ponti ya mafundi, akamueleza, si daraja ya watu kupita. Ni ile kichwa ya chuma iliyo chini ya gari, kule nyuma, inayopokea nguvu ya motere, injini ile, na kuyagawia magurudumu.

"Eee! Bibi ya fundi naye amekuwa fundi."

"Nalala na mutu wa mafuta, nitakosa kujua?"

Kujua alijua, kuipenda kazi ile, hapana. Yeye na Ephraïm walitoka Djugu kwa kukimbia vita, maharagwe yakabaki shambani bila mvunaji, na wa kumwambia "unakumbuka?" alibaki Ephraïm peke yake. Sasa huyo Ephraïm alikuwa akishinda chali chini ya magari ya watu. Kila gari ikiinuliwa na kriki, jeki ya mafundi, moyo wa Gertrude ulipanda nayo, na haukushuka mpaka gari ishuke. Kwa hiyo aliomba. Adhuhuri alipopeleka chakula garaji, hakuna aliyegusa bugali kabla hajawaombea wanaokula, na tena wanaoingia chini ya magari. Delphin, mwenye garaji, alisema mama huyu lazima awasalimie Adamu na Hawa kwanza, ndipo afike kwenye sombe.

Gari iliyomtuma Ephraïm Komanda ilikuwa ya Muzee Augustin wa Nyakasanza: gari ya mashindano ya zamani, nyekundu, milango miwili tu, imelala chini kama bata anayeatamia. Aliinunua ujanani, akakataa kuiuza hata uzeeni. Taabu yake mvua. Ikiingia kwenye tope, gurudumu moja la nyuma lilizunguka kama lenye wazimu, na lingine likatulia kama chifu kitini. Watu wakasukuma huku wakimcheka: "Muzee, bibi yako mwekundu amekataa tena kurudi nyumbani?" Basi Muzee aliposikia kwamba Komanda kuna gari ya namna ile inayofunguliwa vipande, na ponti yake ni otobloka, hakungoja.

"Hii," Ephraïm alimueleza mkewe aliporudi nayo, "gurudumu moja ikitaka kukimbia peke yake, ponti inakamata zote mbili. Zinaenda pamoja, sawa weye na miye."

"Siye hatuna tope?"

"Tope tuko nayo. Lakini tunatoka."

Ponti ya zamani ikashushwa, mpya ikaoshwa, ikafungwa, ikamiminiwa mafuta yake ya pekee. Ikabaki kuisikiliza. Kwa Delphin walikuwa na desturi: wanainua gurudumu moja tu la nyuma na kutia vitesi, yaani gia. La hewani linazunguka, la chini linatulia, na mtu analala chini ya gari na turnevisi, bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, asikie kama meno ya ponti yanalia. Delphin akakaa kwenye usukani, motere ikinguruma. Ephraïm akajilaza chini ya gari, juu ya karto, kipande cha boksi. Sauti yake ndiyo ingekuwa ishara ya kutia vitesi.

Hapo ndipo Gertrude alipoingia na sufuria.

"Baba watoto, toka tuombe."

"Mama, ngoja nisikilize kwanza."

"Weye usikilize ponti, Mungu angoje? Toka."

Akatoka huku anasonya, akasimama nyuma, chini ya mabati, pamoja na Muzee Augustin aliyekwisha kuvua kofia. Delphin hakuona, wala kwa ngurumo ya motere hakusikia maneno; aliangalia mbele. Maombi yakapita mahali pote yanapopitaga, yakafika mwisho, na Ephraïm kwa njaa akaitika kwa nguvu kuliko wote: "Amina!"

Delphin akasikia sauti ya Ephraïm. Akatia vitesi.

Gurudumu la chini halikutulia. Likasukuma. Gari ikaruka kriki, mkia ukapiga udongo pu!, ikaenda kujitia kwenye rundo la mipira chakavu ya magurudumu, motere ikazima. Kriki ilikuwa imelala juu ya karto, pale kichwa cha Ephraïm kilipokuwa.

Delphin akatoka mbio, akapiga magoti kuchungulia chini. "Ephraïm! Yesu wangu, nimemuua Ephraïm!"

"Patron, niko huku."

Delphin akageuka, akamuangalia, akakaa kwenye udongo akicheka na machozi yanatoka. Muzee Augustin hakuiangalia gari yake. Alishika mkono wa Ephraïm, anauminya-minya kama anayepima ndizi.

"Kosa ni yangu," Ephraïm akasema polepole. "Nilimuelezea hata bibi yangu kwamba inakamata zote mbili. Lakini mukono ikafanya vile imezoea."

"Hata vile," Muzee akasema, "tangu leo hakuna mutu atanidanganya kwamba ponti haifanye kazi."

Wakacheka wote, na Gertrude naye. Alisikia moyo unashuka, unashuka, mpaka ukakaa mahali pake. Alimshukuru Mungu kwa neno moja tu, kisha akakata bugali, akampa Ephraïm kipande cha kwanza. Halafu akamgeukia mwenye garaji.

"Papa Delphin, nakuomba: muinue magurudumu yote mbili, muweke na mbao nzito chini, ndipo mumuite bwana yangu aingie."