Mpangaji wa Darasa la Kwanza

Mpangaji wangu amehama leo mchana, na godoro lake bado limo ndani ya nailoni.

Kumbe hawakulala humo hata siku moja!

Ndugu zangu, ninapangisha chumba hapa Kimara, karibu na shule ya serikali ambayo kila mzazi anaitaka, nayo huandikisha watoto wanaoishi mtaani hapa tu. Mama huyu alitoka Kibamba na binti yake, akasema wamehamia moja kwa moja. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja kuhakikisha kama kweli wanaishi hapa, akakuta sufuria jikoni na nguo za mtoto kambani, akaridhika.

Leo asubuhi mtoto ameandikishwa darasa la kwanza. Mchana kirikuu kiko mlangoni, kinapakia vyombo.

"Mama, mbona mapema hivi?"

"Shikamoo, Mwalimu. Mtoto keshapata nafasi, sie tunarudi kwetu."

Alisema huku anatabasamu.

Asubuhi hiyohiyo mjukuu wa Bi Salha, jirani ninayepakana naye ukuta, aliambiwa nafasi zimejaa.

Nilikwenda kwa mjumbe, nikamweleza yote. Alitikisa kichwa, akasema dunia imeharibika.

Kisha akanisogelea.

"Mwalimu, hicho chumba usimpe mtu. Binti yangu wa Goba naye ana mtoto wa kuandikishwa mwakani."



Mimi niliyefundisha maisha yangu yote nilimwambia twende kwa Bi Salha, akayarudie hayo mbele yake.

Amesema ana kikao.

Ninyi mngemjibu nini?