Niliibatiza sayari jina la Katumba, nikajikuta naulizwa maswali ya serikali ya angani

Wakuu wa jukwaa, mwagonile.

Hiyo ni salamu ya kwetu Kyela. Itikieni mkiwa mmekaa, maana stori ina urefu wake. Na kabla hajaja yule wa kusema "chai hii", yaani natunga, namwambia mapema: watu waliokuwepo ni banda zima la video, aje mtaani kwetu Mbugani aulize.

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Shule niliishia la saba, tena la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa. Nimebeba mchele kwa baiskeli mpaka mpakani, nimeuza usipa, dagaa wa ziwa letu, nimenunua kokoa za watu wakati bado hakuna mtu anajua kokoa ni hela. Leo nina nyumba ya bati la rangi, pikipiki mbili, na banda la video ambalo hata wenye digrii wanapanga foleni kuingia.

Nimeona mto Songwe wa mpakani na Malawi unahama na shamba la mtu linaamka nchi nyingine bila pasipoti.

Sasa mtu aliyeona hayo utamshangaza na nini?

Nilishangazwa na nchi ambayo haipo.

Iko hivi. Mabanda mengine wanaleta muvi zilizotafsiriwa tayari huko mjini. Mimi natafsiri mwenyewe, live, nimesimama pembeni ya TV na maiki mkononi. Kiingereza changu sikukipata darasani, nilikipata Karonga, huko Malawi, nikiuza vitunguu, na kinatosha. Sauti ya mwanamke naiweza, ya mtoto naiweza, ya roboti ndiyo usiseme.

Kuna series moja ya mambo ya angani ililetwa kwenye flashi. Jina lake la kizungu ni refu, sisi tuliiita Sayari Saba.

Najua mnaosema series za angani ni za watoto, vita na bunduki za taa. Hii haikuwa hivyo, wakuu. Hii ilikuwa siasa tupu. Sayari saba chini ya Baraza moja. Watu wanagombania ushuru, wanagombania maji, wanagombania nani akae kiti gani. Bunduki zinatoka mara moja kwa mwezi.

Kati ya hizo saba kuna moja ndogo, kama mwezi tu, watu wake wakulima. Inapakana na sayari kubwa, na mpaka wao ni mto wa vumbi la nyota. Huo mto hautulii. Leo uko hapa, kesho umesogea, na ukisogea watu wanaambiwa hamisheni vyombo, hapa si kwenu tena.

Mnaona linakoelekea.

Mtafsiri lazima awape wahusika majina ya nyumbani, la sivyo watu wanapotea. Rais wa Baraza nikamwita Mwalafyale, yaani chifu kwa Kinyakyusa. Na ile sayari ndogo nikaibatiza Katumba ya Juu, kwa jina la Katumba Songwe, majirani zetu wa mpakani wanaohamishwa na mto kila mara.

Niliona ni utani mzuri. Watu wakacheka sana. Jumamosi iliyofuata wakaja wenyewe wa Katumba Songwe, msafara wa baiskeli, wamevaa vizuri kama wanaenda kwenye harusi. Wamekuja kuiangalia sayari yao.

Kati yao alikuwepo Mzee Gwakisa. Huyu ndiye yule niliyesema shamba lake liliamka nchi nyingine. Mto ulipohama, shamba lake la mpunga likabaki upande wa Malawi, na sasa hivi linalimwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, Bwana Yohane, ambaye ni mtu wa ng'ambo hiyo. Hawajawahi kugombana. Lakini pia hawajawahi kuliongelea. Wanakutana misibani wanasalimiana, wanaulizana habari za mvua, basi.

Mzee Gwakisa alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Wenzake wanapiga kelele, yeye anaangalia kama mtu anayesikiliza kesi yake.

Upande wa pili wa banda alikaa Bi Mwanaisha, mwenye duka la misumari na khanga pale sokoni, babu zake walitoka pwani. Yeye timu Baraza.

"Serikali ni serikali," alikuwa anasema. "Kila mtu akitaka mpaka wake, nani atauza misumari?"

"Bi Mwanaisha, wewe ungehamishiwa duka ng'ambo ungesemaje?"

"Ningefungua tawi!"

Banda linavunjika kwa kicheko. Wakuu, nilikuwa na furaha. Wapiga debe wa vyama hawajawahi kupata watu kama nilivyowapata mimi Jumamosi.

Ikafika mwisho wa season ya pili. Mwalafyale anasimama mbele ya Baraza, anainua mkono, nyuma yake binti mmoja wa Katumba ya Juu ameshika taa, na anatoa tamko. Nikalitafsiri neno kwa neno, kwa sauti yangu nzito ninayoitunza kwa mambo makubwa:

"Mto ukihama, mpaka hauhami. Aliyepanda atavuna alipopanda."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu wa Katumba walisimama wote. Kuna mama alipiga vigelegele mpaka mbuzi nje wakajibu. Mzee Gwakisa akaja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Akaondoka na baiskeli yake.

Kana kwamba tamko nililitoa mimi.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, ila sikuliona, nilikuwa nimevimba kichwa.

Basi, ikakaa kidogo, ikaja series mpya. Jina lile lile, ila watengenezaji wengine, waigizaji wengine, na mambo yake yanatokea miaka mingi mbele. Mwalafyale wa zamani keshakufa. Nikatangaza kwa spika mtaa mzima. Banda likajaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu.

Episode ya kwanza, dakika za mwanzo kabisa: watu wa Katumba ya Juu wamebeba magodoro kichwani wanahama. Mto umesogea. Askari wa Baraza anawaambia, na mimi natafsiri kwa mdomo wangu huu huu, "Mpaka unafuata mto. Ndivyo sheria ilivyokuwa siku zote."

Benchi la watu wa Katumba likasimama.

Halafu: "Ugwe! Wewe! Simamisha hapo!"

Nikasimamisha.

"Siku zote zipi? Si ulisema mpaka hauhami?"

"Ulidanganya kule au unadanganya hapa?"

Nikajaribu kuwaeleza kwamba mimi natafsiri tu, waliotunga ni wazungu huko, pengine wamesahau walichoandika mwanzo. Hawakutaka kusikia. Kwao aliyetoa ahadi ni mwenye maiki. Wakadai viingilio vyao, na mimi kwa hasira nikarudisha, benchi kwa benchi, ili isisemwe kwamba mimi mwizi.

Bi Mwanaisha alikuwa anacheka mpaka ushungi unamdondoka. "Mnashangaa nini jamani? Utawala umebadilika, sheria imesahaulika. Mmezaliwa jana?"

Mzee Gwakisa hakupiga kelele. Alisubiri watu watoke.

"Mwanangu," akaniambia, "hao wazungu siwajui. Ninayekujua ni wewe. Ulisema."

Akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuna baiskeli hata moja kutoka Katumba.

Wakuu, mimi nimeitwa mshamba, nimeitwa mbahili, yote sawa. Muongo sijaitwa. Mtafsiri akiitwa muongo kazi yake imeisha, hata akitafsiri mpira watu watauliza kama goli limeingia kweli. Na yule mzee alikuwa ameniamini kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nikapanda pikipiki mpaka Katumba Songwe kwake. Nikamkuta anapalilia ndizi.

"Mzee, njoo Jumamosi. Naonyesha tena ile ya zamani. Mlete mtu yeyote anayejua kiingereza kuliko mimi, akae karibu na TV, asikilize. Kama nilitafsiri vibaya, watu wa Katumba wataingia bure mpaka banda lioze."

Akafikiria. Akasema, "Anayejua kiingereza ni shemeji."

Nilitamani nirudishe maneno mdomoni. Bwana Yohane! Yule yule anayelima shamba! Aje kutoa ushahidi kwamba mto ukihama mpaka hauhami? Ningekuwa mimi, ningesema mtafsiri alilewa.

Jumamosi akaja. Mtu mrefu, kofia mkononi, anaongea taratibu. Nikamwekea kiti chenye mto. Banda limejaa, safari hii hata waliorudishiwa hela wamelipa tena. Nikaweka lile tamko bila maiki, kiingereza kitupu. Mwalafyale akainua mkono, akasema, akamaliza.

Wote tunamwangalia Bwana Yohane. Yeye anaiangalia TV.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena. Akavaa kofia, akaivua.

"Mtafsiri kasema sawa," akasema. "Mto ukihama, mpaka hauhami. Aliyepanda atavuna alipopanda. Hajaongeza, hajapunguza."

"Na shamba je, achimwene?" mtu akapiga kelele nyuma, akimwita kaka kwa lugha ya ng'ambo.

"Tunaongelea nyota," akajibu, na banda zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mzee Gwakisa hakucheka, lakini nilimwona anamsogezea shemeji yake sehemu kwenye benchi.

Jina langu likasafishwa. Ila kesi haikuisha.

Vijana wakasema: basi wewe mwenye maiki turekebishie. Wakisema mpaka unafuata mto, wewe sema haufuati. Nani atajua?

Kusema ukweli nilitaka kukubali. Biashara ni biashara.

Mzee Gwakisa akakataa. "Asitudanganye. Aseme wanachosema, hata kama wanasema uongo. Lakini ile ya zamani iwe pale pale, tuione. Wasije wakatufanya tukasahau na sisi."

Ndiyo nikanunua TV ya pili.

Msicheke. Nikaifunga upande wa kushoto, nikasimamisha picha pale pale kwenye tamko: Mwalafyale mkono juu, binti nyuma na taa yake. Kulia inaendelea series mpya. Na kila askari wa Baraza akisema "siku zote", ilikuwa lazima niachie ile ya kushoto, Mwalafyale aseme, mimi nitafsiri, nisimamishe tena, ndipo tuendelee. Episode moja inachukua mchana mzima. Watu wanakuja na ndizi za kuchoma. Banda langu likawa bunge, tena bunge ambalo kila mtu yuko macho.

Bi Mwanaisha akawa anatetea Baraza kwa shida sasa. "Pengine faili lilipotea," anasema. Watu wanamzomea, anafurahi.

Sasa sikilizeni mwisho.

Episode ya mwisho. Mvua ya Kyela mnaijua, ilikuwa inapiga bati mpaka nimeongeza spika. Bwana Yohane kavuka, wamekaa na shemeji yake benchi moja. Kwenye TV ya kulia wanaletwa wazee wa Katumba ya Juu mbele ya Baraza jipya. Anasimama bibi mmoja, kapinda mgongo, shavuni ana alama ya kuchomwa, umbo la mwezi mchanga. Rais mpya anamuuliza kwa dharau, mnadai nini nyie?

Kabla sijafungua mdomo, Bi Mwanaisha, timu Baraza huyo, akaruka juu ya benchi.

"Shavu! Angalieni shavu! Huyu bibi ndiye yule binti wa taa!"

Tukageuka wote kushoto. Ni kweli. Binti nyuma ya Mwalafyale, shavuni, mwezi mchanga. Tulikuwa naye ukutani kila Jumamosi na hakuna aliyemuona.

Wale watunzi hawakusahau, wakuu. Baraza ndilo lilisahau, na wao walikuwa wanatuonyesha linavyosahau. Muda wote huo walimweka pale mtu mmoja aliyekuwepo siku ya tamko.

Bibi akavuta pumzi, akaanza kusema lile tamko. Nikainua maiki. Sikuwahi. Banda zima lilisema naye, kwa Kiswahili changu mimi, mpaka mvua haikusikika:

"Mto ukihama, mpaka hauhami! Aliyepanda atavuna alipopanda!"

Bwana Yohane naye alikuwa anasema.

Nikashusha maiki. Nilishangaa, nakiri. Mara moja tu, na imetosha.

Baraza liliamuaje? Series iliishia hapo hapo, bibi kasimama anasubiri jibu. Watu wangu hata hawakulalamika. Lakini msimu wa mavuno, Bwana Yohane alivuka Songwe na magunia mawili ya mpunga kwenye baiskeli, akayashusha kwa Mzee Gwakisa. Mzee akamuuliza ya nini. Akajibu, "Ya nyota." Nasikia mwaka huu wanalima pamoja.

Nilichojifunza: ukishika maiki, watu hawajali maneno ni ya nani, yakishapita mdomoni kwako ni yako. Uwe mtafsiri, uwe diwani. Na watu wasio na shule wanaweza kukumbuka kuliko Baraza zima, wape tu mahali pa kuangalia.

Haya, nipeni maoni yenu. Mnaosema Bi Mwanaisha alikuwa sahihi tangu mwanzo, njooni, yeye mwenyewe nimemwonyesha namna ya kujiunga humu.

Na wale mnaopenda kuuliza hela, kwa ile TV ya mtumba, stendi ya kuchomelea, nyaya, na viingilio nilivyorudisha siku ile ya fujo, ahadi ya mtu ambaye hayupo ilinigharimu shilingi laki tatu na elfu arobaini na saba na mia tano.