Yona wa Upande wa Pili wa Ukuta

Harufu ya uji wa pilipili manga ikinikuta mahali popote, mguu wangu wa kushoto huanza kuwasha. Juzi nilikwenda Korogwe kumpongeza binti wa rafiki yangu aliyejifungua, na kabla sijavua viatu mlangoni ule mvuke ukanipokea: mtama, tangawizi, na pilipili ya kutosha kumpigisha chafya nyati aliyeko Arusha. Mzazi alikuwa kitandani, khanga hadi shingoni, simu mkononi, anasikiliza nyimbo za maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliponiona akazima haraka.

"Acha iimbe, mwanangu," nikamwambia. "Humu ndani utasikiliza nini, panya?"

Akacheka, akaiwasha. Nikaketi ukingoni mwa kitanda nikijikuna mguu, na mawazo yakaniondoa pale Korogwe yakanirudisha Segera, kwenye chumba cha Mama.

Nilikuwa darasa la tatu nilipoanguka kutoka juu ya mchungwa. Mchungwa wenyewe ulikuwa mfupi, lakini kila ninaposimulia naurefusha kidogo, na sasa umeshaupita mnara wa simu. Elimu yangu ya sekondari niliipata kwa masomo ya jioni, taa moja na vivuli vyake darasa zima, kwa hiyo vitu vingi maishani nimeviona vikubwa kuliko vilivyo. Mfupa lakini ulivunjika kweli. Akaletwa mzee wa kuunga mifupa kutoka Kang'ata, akaufunga mguu kwa vijiti vya mianzi na vitambaa, akaniambia bila hata kunitazama usoni kwamba nikikanyaga chini kabla hajarudi kuufungua, utaunga upande, na maisha yangu yote nitatembea kama mtu anayetaka kukata kona. Nikalazwa kwenye mkeka.

Wiki hiyohiyo Mama alijifungua mdogo wangu Idi. Basi naye akaingia ndani kwa arobaini yake. Kwetu mzazi hatoki mpaka arobaini itimie: hapiti uani pakiwa na watu, hagusi maji ya baridi, hasimami mlangoni. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji, anafunikwa. Wa kuhakikisha hayo yote alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyekuja na sanduku lake, mkoba wa dawa za mizizi, na masikio yaliyoweza kumsikia sisimizi akipiga miayo.

Ndiyo hivyo, tukawa wafungwa wawili na nusu katika chumba kimoja chenye dirisha dogo lililofunikwa gunia. Na Segera mnaijua. Hapo barabara ya Tanga, ya Arusha na ya Dar es Salaam zinakutana, na usiku na mchana dunia nzima inakwenda mahali isipokuwa wewe. Nilijifunza kuyatambua magari kwa mlio tu. Nilijua lori linalokata kwenda Tanga na lile linalojikokota kuelekea Moshi. Nilijua basi la Dar kwa makelele ya wauza machungwa wanaolikimbilia. Nilikuna ukuta kwa kucha mpaka udongo ukatoka. Nilihesabu miti ya paa, nikaipa majina, nikagombana nayo.

Mama hakugombana na chochote. Aligeukia ukutani akalala hivyo. Bibi akileta uji alisema asante, na uji ukapoa mpaka ukaota ngozi. Idi akilia alimtazama kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachwa hapo kwa dakika chache. Bibi mwenyewe akawa anamchukua Idi na kumweka kifuani kwa Mama, na mtoto akinyonya kidogo tu anaachia, analia tena, maana maziwa yalikuwa haba.

"Mzazi asiyekula anamuua mtoto," Bibi alikuwa akimwambia. "Unasikia, Mama Zuhura?"

"Nasikia, mama."

Na akishasema hivyo hageuki hata kidogo.

Sasa, nyumba yetu ilipakana na ya Mama Neema. Mumewe alikuwa mfugaji, ng'ombe wake wakishinda huko bondeni, na Mama Neema akiuza maziwa barabarani. Walikuwa Wakristo, watu wazuri sana, shida yao ilikuwa redio kaseti. Nasema shida kwa sababu Baba alikuwa mwalimu wa madrasa, watu wote wakimwita Ustadhi, na nyumbani kwetu muziki ulikuwa haramu. Redio tuliyokuwa nayo ilikuwa ya taarifa ya habari na vifo. Baba alikuwa na kipaji cha kujua muziki unaanza kabla mtangazaji hajajua. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kile kifundo cha kuzimia, na wimbo ulikufa ukiwa bado unavuta pumzi.

Mama Neema alikuwa na kaseti moja tu ya kwaya, au labda nyingine zilikuwa zimeliwa na redio. Kila akirudi kuosha mitungi yake ya maziwa aliiweka hiyohiyo, na katika hiyo alipenda wimbo mmoja, wa Yona ndani ya tumbo la samaki. Kinanda kinaanza peke yake, tin tin tin, halafu wanawake wanaingia, halafu wanaume wanaguna kule chini kama mawimbi. Yona analalamika kwamba humo ndani ni giza, ni joto, kunanuka, na yeye alikuwa na safari zake. Kiitikio ni: nifungulie nitoke, nifungulie nione jua. Betri zikichoka, kwaya nzima ilizeeka. Wanawake wakaimba kama wanaume, wanaume wakaimba kama ng'ombe. Hapo Mama Neema huzitoa betri na kuzianika juu ya bati, na mchana Yona anarudi kijana.

Mimi nilikuwa mtoto wa madrasa na nilijua ni dhambi kuusikiliza. Nilijiziba masikio kwa vidole, lakini vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Baada ya siku chache niliujua wote, pamoja na pale utepe unapokwaruza na Yona anameza maneno. Vidole vya mguu mzima vilikuwa vinacheza vyenyewe. Vya mguu mbovu vilitaka kuiga, nikavishika kwa mkono.

Halafu siku moja nikasikia mtu anaimba ndani ya chumba chetu.

Alikuwa Mama. Alikuwa amegeukia upande wangu. Na hakuimba kile walichokuwa wakiimba wanawake wa kwenye kaseti. Aliimba kitu kingine, chini yao kidogo, kilichotembea pembeni mwa wimbo bila kuugonga, na wimbo ukawa mnene. Nilishangaa amekijua vipi, maana mimi nilikuwa nimeusikia mara zile zote na sikuwa nimesikia hicho. Wimbo ulipokwisha akaketi, akavuta bakuli, akala uji ule wenye ngozi mpaka akakwangua chini. Kisha akamchukua Idi bila kuambiwa.

Kuanzia hapo nilikuwa na kazi. Kila nikimsikia Mama Neema akirudi, nilijiburuza kwa makalio mpaka ukutani na kugonga kwa kijiti. Upande wa pili ananiuliza, "Zuhura, mguu unauma?" Nami nasema, "Unauma, mama. Weka Yona." Anaweka. Mama anakula. Bibi aliyaona mabakuli matupu akasifu mizizi yake.

Ila Bibi hakuwa mjinga. Alianza kuikunjia uso sauti ile ya jirani, na jioni moja akamwambia Mama mbele yangu, taratibu, huku akikunja nepi, "Mimi nilimwambia mwanangu, watu wa milimani ni wazuri lakini wana mambo yao. Kama nyumba hii imekushinda, arobaini ikiisha gari la kwenu lipo. Usitupotezee mtoto." Kwao Mama ni Dindira, juu kwenye chai na ukungu. Nilikuwa nimefika huko mara moja tu, nikiwa mgongoni. Usingizi uliniruka. Nilijua Mama akirudishwa ataondoka na Idi kwa sababu ananyonya, na mimi na mguu wangu tutabaki na Bibi.

Siku iliyofuata kulikuwa na msiba kwa watu wa bondeni. Bibi akajifunga ushungi, akaagiza tusifungue dirisha, akaondoka. Mama Neema akaweka kaseti, betri zikiwa zimetoka juani, zina nguvu za simba. Mama akasimama. Akalisogeza lile gunia la dirishani, mwanga ukamwangukia usoni, akamlaza Idi begani, akaimba kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Mabasi yalikuwa yanapita na mimi sikuyasikia. Nilikuwa napiga makofi. Mguu wangu wa kushoto, Mungu anisamehe, ulikuwa unacheza ndani ya mianzi.

Wimbo ulipokwisha tukasikia mtu anaguna nje. Bibi alikuwa amesahau mwavuli wake. Na nyuma yake, akitoka msikitini, amesimama Baba.

Bibi hakupaza sauti. Aliingia, akafunika dirisha, akaketi kwenye kigoda, akavua viatu kana kwamba msiba umehamia hapo.

"Rashidi," akasema, "mkeo anaimba nyimbo za kanisani katika nyumba ya Qur'ani. Arobaini haijaisha. Na mtoto amembeba. Nimfungie mizigo yake, au utaifunga mwenyewe?"

Mama alikuwa amekaa kitandani, anatazama miguu yake. Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ameimba nini?" akauliza.

"Najua mimi? Nimesikia samaki."

"Samaki gani?"

Nikajibu mimi. "Samaki aliyemmeza Yona, Baba."

Baba akanitazama. Akaniambia niyaseme maneno yake. Nikayasema yote bila kuimba, kama ninavyosoma juzuu mbele yake, yaani giza, joto, na nifungulie nitoke, mpaka pale utepe unapokwaruza, nikakwaruza nami. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, aliyemezwa na samaki ni nani?"

"Nabii Yunus, alayhi salaam. Nani asiyejua?"

"Basi ndiye huyo. Hapo kwa jirani wanamwita Yona."

Bibi akafikiri. Mnamwona anafikiri, mdomo unatembea. "Sasa mbona wamempigia kinanda?"

"Kinanda ni chao. Nabii si wao peke yao."

"Rashidi, usinifundishe dini kwa ujanja. Nilikuzaa mimi."

"Mama Zuhura amekula leo?"

"Amekula," Bibi akasema kwa shingo upande. "Bakuli zima."

"Mtoto amenyonya?"

"Si huyo hapo, amelewa maziwa."

"Basi tumwache, mama." Akavaa kofia yake. Alipofika uani akarudi hatua moja. "Ila Mama Zuhura, ukiimba, lile gunia literemshe kidogo. Watoto wa madrasa wanapita."

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Mizigo haikufungwa. Bibi alisusa siku mbili, akimkanda Mama kwa maji ya moto kuliko kawaida, halafu jioni moja Mama Neema alipochelewa kurudi nilimsikia Bibi akinung'unika, "Leo yule wa samaki mbona kimya?" Arobaini ilipotimia Mama alitoka nje, akasimama juani uani kwa muda mrefu, mikono imening'inia tu. Mguu wangu ulifunguliwa. Umeunga upande kidogo, na mnajua sababu.

Kwa miaka mingi niliihesabu siku ile kuwa ya ushindi wa elimu. Niliwasimulia wenzangu wa masomo ya jioni jinsi baba yangu alivyotoa hukumu mlangoni kama kadhi. Mpaka mjomba wake Mama alipofariki, nikamsindikiza Mama hadi Dindira. Kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Kaburini kwaya ya wazee iliimba, na walipomaliza mwanamke mmoja mwenye fimbo alikuja moja kwa moja kwa Mama, akamshika mashavu yote mawili. "Tangu uolewe," akamwambia, "sauti ya pili haijapata mtu."

Tulipokuwa tunateremka kati ya mashamba ya chai nikamuuliza. "Mama, siku zile za arobaini ya Idi, ulitaka kurudi huku?"

"Kurudi huku kufanya nini?"

"Kanisani. Kwenye kwaya."

Alinicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe nawe. Nimefungiwa chumbani na mama mkwe, mtoto analia, mwingine anakuna ukuta kama panya. Nilitaka kutoka nje tu, mwanangu. Basi."

Tukatembea. Halafu nikamuuliza kama Baba alijua kwamba aliimba kwaya.

"Baba yako? Ujanani mwake alikuwa anakuja huku kuuza vitambaa gulioni, siku yetu ya mazoezi. Wenzake wanakunja wanaondoka, yeye kila wiki vitambaa vyake havijaisha. Anaketi nyuma ya kanisa anavikunja upya." Akatazama mbali, akatabasamu peke yake. "Nilisilimu tukaoana, na hatukulitaja tena. Aliona haya, nami niliona haya."

Hapo ndipo nilipoielewa siku ile, kwenye njia ya utelezi, viatu vimejaa udongo mwekundu. Baba alikuwa ameshaitambua ile sauti tangu barabarani. Bibi alipokuwa akivua viatu, yeye alijua anayeimba ni nani na ameimba wapi kabla. Alichokuwa hajakijua ni wimbo gani, na kama upo mlango wowote wa kumpitishia mkewe bila kumvunjia heshima mama yake. Ingekuwa ni wimbo mwingine, sijui angesema nini. Namwona bado pale mlangoni, kofia mkononi, akiuliza "Ameimba nini?" kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe zuri.